Tulipolitibu Jicho la Sungura Bila Elimu



Juma hili tumeiweka kando mada tuliyokuwa tumeiandaa, kwani tuna deni. Ni deni la kukiri kosa, na deni la namna hii halilipwi kwa kunong'ona nyumbani tu, ikiwa aliyekosa ni mtu apandaye mimbari na kuwafundisha watoto wa wenziwe. Kisa chenyewe ni cha sungura mmoja mweupe na jicho lake la kushoto. Asiyependa visa vya wanyama na atuvumilie kidogo, kwa kuwa ndani yake mna kisa cha mtoto, na mna kisa cha chupa ndogo ya dawa ambayo huenda hata sasa iko kabatini mwako.

Wasomaji wetu wa siku nyingi wanajua kwamba sisi ni watu wa Pwani, ila riziki ya kufundisha ilituleta Nairobi, na kwa miaka mingi tumekuwa wakazi wa Ziwani. Huu ni mtaa wa zamani wa nyumba za halmashauri, jirani na Kariokor na Starehe, na si mbali na Pumwani uliko Msikiti wa Riyadha. Nyumba zetu ni ndogo na nyua zetu ni finyu, lakini mja hakosi pembe ya kufuga. Yuko mwenye kuku, yuko mwenye njiwa, na wavulana wengi wana sungura, kwani sungura hapigi kelele wala haombi uwanja. Mabaki ya sukuma wiki na nyasi vinamtosha.

Sungura wetu aliingia nyumbani kwa heri. Mwanetu wa mwisho, mwenye umri wa miaka tisa, alipohitimu kuhifadhi Juzuu Amma, mzazi mmoja wa madrasa alimletea kisungura cheupe ndani ya katoni. Mtoto akamwita Pamba. Sisi tukampa mtoto masharti matatu: amlishe kabla hajala yeye, amsafishie kizimba kila siku, na ajue kwamba mnyama ni amana. Ili maneno yamwingie, tukamsimulia habari tuzisimuliazo kila mwaka darasani: za yule mwanamke aliyestahiki adhabu kwa kumfunga paka bila chakula, na za yule mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mtoto alisikiliza kwa macho makubwa. Hatukujua alikuwa ameyashika maneno yale kwa kiasi gani.

Jumatano moja baada ya Laasiri, mtoto alibadilisha nyasi za kizimba. Zilikuwa nyasi kavu, ngumu, zenye ncha, na kwa haraka ya kutaka kuwahi mpira aliwasukumizia mle ndani bila kuzichambua. Tuliporudi kutoka msikitini baada ya Maghrib, tulimkuta Pamba amejikunyata pembeni, jicho la kushoto limefumba, na machozi yamelowesha manyoya ya shavu. Tulipolifungua kidogo kwa kidole, tuliliona jekundu, nalo likakataa mwanga.

Jambo la kwanza tulilolifanya lilikuwa kumkaripia mtoto. Tulimwambia: "Hii ni kazi ya haraka yako. Umemtia mnyama jicho." Naye akainamisha kichwa, akasema: "Ni mimi, Baba."

Jambo la pili tulilolifanya ndilo lililotuletea makala haya. Mkwe wetu, mama yake mama watoto, anaishi nasi. Miezi michache nyuma alipasuliwa mtoto wa jicho, operesheni ikafaulu, alhamdulillahi, na hospitali ikampa dawa za matone. Chupa moja ilibaki nusu. Tulikumbuka jinsi jicho lake lilivyokuwa jekundu baada ya kupasuliwa na jinsi matone yale yalivyolituliza kwa siku chache. Tukajisemea: jicho ni jicho, na dawa ya macho ni dawa ya macho. Tukaitoa chupa kabatini, tukasoma Bismillahi, tukamtilia Pamba matone mawili. Mkwe wetu aliuliza kutoka chumbani: "Mwanangu, hiyo dawa yangu yafaa sungura?" Tukamjibu kwa sauti ya mtu ajuaye: "Yafaa, Mama."

Alhamisi tulitia tena, asubuhi na jioni, na Ijumaa vivyo hivyo. Ijumaa ile baada ya swala, wekundu ulikuwa umepungua waziwazi. Twakiri kwamba tulijisifu. Tuliwaambia wenzetu barazani kuwa watu wa siku hizi hukimbilia gharama kabla ya kutumia akili.

Jumamosi usiku, kioo cha jicho kilikuwa kimeingia ukungu wa rangi ya samawati na nyeupe, kama maziwa yaliyotiwa maji. Jumapili Pamba hakula. Jani la sukuma wiki lilikaa mbele ya pua yake tangu alfajiri hadi likanyauka. Choo chake, ambacho huwa ni punje nyingi za mviringo, kilikuwa punje chache na ndogo mno, kisha kikakatika. Alikuwa akisaga meno kwa sauti ndogo, nasi tukadhani anatafuna.

Jioni ile jirani yetu mmoja, mtu mwema asiye na ubaya moyoni, alichungulia kizimbani akatuambia: "Sheikh, sungura ni halali. Mchinje kabla hajafa ikawa mzoga. Mtoto utamnunulia mwingine." Hakusema lisilo na msingi. Yamepokewa kutoka kwa Anas bin Malik kwamba maswahaba walimfukuza sungura mpaka wakamkamata, Abu Talha akamchinja, na Mtume (s.a.w.) akapelekewa sehemu ya nyama yake akaikubali. Wanavyuoni wetu wa Kishafii nao wamesema kwamba asiyeweza kumtunza mnyama aliwaye ana njia tatu: ajitahidi kumgharamia, amuuze, au amchinje. Basi sheria haikutubana. Tulikwisha kukiita kisu moyoni.

Ndipo mama watoto akatuita kando, jikoni, akafunga mlango. Akatuuliza: "Unajua kwamba mwanao hajalala vizuri tangu Jumatano?" Tukasema hatujui. Akasema: "Jana usiku ameniuliza iwapo Pamba atasimama Siku ya Kiyama na kumshitaki kwa jicho lake. Ameniuliza kama yeye ni kama yule mwanamke wa paka. Ukimchinja kesho, kitu atakachokula mtoto yule si nyama. Atakula hukumu."

Tuliketi juu ya ndoo iliyoinamishwa, hatuna jawabu. Tulikuwa tumefundisha hadithi ile kwa miaka thelathini, na siku hiyo tulijiona kama mtu aliyempa mtoto kisu bila ala yake. Tulikuwa tumempa nusu ya khofu, hatukumpa nusu ya rehema. Hatukumwambia kwamba mwanamke yule alimfunga paka kwa makusudi, akamwacha mpaka akafa, wala hatukumwambia kwamba kosa la bahati mbaya si sawa na dhulma.

Jumatatu, mara baada ya Alfajiri, tulimweka Pamba kikapuni juu ya kitambaa, tukafunika kwa kanga, na sisi na mwanetu tukapanda matatu mpaka mjini, kisha nyingine ya kuelekea Kabete, upande ule ambako Chuo Kikuu cha Nairobi husomesha madaktari wa mifugo. Huko tulimpata daktari wa wanyama, binti wa umri wa watoto wetu wakubwa, mwenye mikono mitulivu. Alimzungusha Pamba ndani ya taulo hadi kikabaki kichwa tu, akamwekea kiganja juu ya mgongo, na sungura akatulia.

Kisha akatuuliza: "Mzee wangu, mmemtilia nini jichoni?"

Ndugu msomaji, hapa ndipo pa kuona haya. Tulimjibu: "Tumemwosha kwa maji safi." Maneno yale yalikuwa kweli, kwani maji tulimwosha nayo Jumatano. Lakini yalikuwa nusu ya kweli, nasi tunawafundisha watoto kwamba shahidi anayeficha ni mshirika wa anayesema uongo. Tulificha kwa sababu tulikuwa tumevaa kanzu na kofia mbele ya binti mdogo, na hatukutaka aseme kuwa sheikh mzima hana akili.

Mwanetu alitutazama. Hakutazama kwa ujeuri, alitazama kama mtoto anayesubiri mkubwa amalize sentensi. Tulipokaa kimya, yeye akasema kwa sauti ya chini: "Na dawa ya Nyanya, Baba."

Daktari akaweka kalamu chini. "Dawa gani ya Nyanya?"

Ikabidi tueleze yote. Chupa tulikuwa nayo mfukoni, kwani tulidhamiria kumwuliza kwa siri kama tuongeze matone. Aliisoma, akanyamaza kitambo, kisha akadondosha jichoni mwa Pamba rangi ya machungwa, akaisuuza, akazima taa na kuangazia tochi ya mwanga wa buluu. Katikati ya jicho pakang'aa doa la kijani, pana kama punje ya dengu. Akatuambia: "Pale panapong'aa ndipo palipochubuka. Kioo kilicho kizima hakishiki rangi hii."

Akatueleza kwa upole, nasi twawanukulia kwa lugha yetu. Kioo cha mbele cha jicho, ambacho matabibu hukiita konea, kwa sungura hakifiki hata unene wa nusu milimita. Unyasi mmoja mkavu hutosha kukichubua. Mchubuko mdogo aghlabu hupona kwa siku chache ukiwekwa safi na kukingwa na vijidudu. Lakini ndani ya matone ya mkwe wetu mlikuwa na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Kazi yake ni kutuliza uvimbe, na kwa mzee aliyepasuliwa mtoto wa jicho, chini ya uangalizi wa daktari, ni dawa yenye manufaa makubwa. Juu ya kidonda cha konea, dawa hiyo hiyo huuzuia mwili usijitengeneze na hulegeza ulinzi wake, vijidudu vikapata uwanja, na kioo chaweza kulainika na kuyeyuka mpaka kikatoboka.

Tukamwuliza: "Mbona wekundu ulipungua?" Akajibu: "Ulipungua kwa sababu walinzi waliambiwa wakae chini, si kwa sababu mwizi alikamatwa." Maneno yale tumeyabeba mpaka leo.

Habari ya kutokula nayo ilimtia hofu kuliko jicho lenyewe. Sungura hatapiki, na tumbo lake limeumbwa liwe na kazi mchana na usiku. Akikaa nusu siku bila kula, matumbo husimama, hewa hujaa, na anaweza kufa kwa tumbo wakati mwenyewe anashughulikia jicho. Tena ni mnyama anayewindwa, kwa hiyo huficha maumivu, na ule usagaji wa meno tuliodhani ni kutafuna ulikuwa ndiyo kilio chake. Alipewa dawa ya kutuliza maumivu, matone ya kuua vijidudu yasiyo na steroidi ya kutiwa kila baada ya saa nne, na tukafundishwa kumlisha kwa bomba la sindano lisilo na ncha: majani yaliyosagwa na maji, kidogo kidogo, kwa pembeni mwa mdomo asije akapaliwa. Gharama yote ya siku ile, pamoja na dawa, ilikuwa shilingi 2,300. Tulikuwa tumezihifadhi kwa jambo jingine, lakini hatujawahi kulipia darasa kwa bei nafuu kama ile.

Tulipotoka tulikaa kwenye jiwe chini ya mti, tukingoja matatu. Kikapu kilikuwa katikati yetu. Tungeweza kunyamaza, na mtoto asingeuliza. Lakini kwa siku tano alikuwa amebeba peke yake mzigo ambao sehemu yake kubwa ilikuwa yetu, na tulimwona akiubeba tukamwacha. Tukamwambia: "Mwanangu, nyasi zako zilimchubua Pamba. Lakini aliyemharibu jicho ni mimi. Nilitia dawa nisiyoijua, nikasema naijua. Na mbele ya daktari niliogopa kusema, wewe ukasema. Niwie radhi."

Alikaa kimya, akipapasa sikio la Pamba lililochomoza kwenye kanga. Kisha akauliza: "Basi Pamba atatushitaki wote wawili?"

Tukamwambia kwamba Mola wetu ni Mwenye kurehemu, anamjua aliyekusudia ubaya na asiyekusudia, na kwamba aliyekosea kisha akatafuta kulirekebisha kosa lake si sawa na aliyefunga mlango akaenda zake. Tukamkumbusha habari ya kijana Abu Umayr, ndugu yake Anas, aliyekuwa na kindege chake. Kindege kilipokufa na mtoto akahuzunika, Mtume (s.a.w.) hakumpita kwa kuwa ni huzuni ya kitoto, bali alimsemesha kwa upole juu ya kindege kile. Habari hii tulikuwa tukiijua tangu tungali wanafunzi, na hatukuwahi kumsimulia mtoto huyu. Tulimsimulia siku ile, chini ya mti, kwa kuchelewa.

Usiku ule, Pamba alipokwisha kulishwa, tuliketi na nafsi yetu. Akija mtu kutuuliza mas-ala ya mirathi au talaka, hatumjibu kabla ya kufungua kitabu, na tusipojua twasema Wallahu a'lam, tukampeleka kwa ajuaye zaidi. Ulimi wetu tumeufunga kwa hofu ya kutoa fat-wa bila elimu. Mbona mkono wetu haukuwa na hofu hiyo? Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyomo ndani ya Sunan za Abu Daud na wengineo, kwamba mwenye kujitia utabibu na hali hakujulikana kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Hadithi hii tumeisomesha, na hatukudhani itakuja kutusoma sisi.

Wala wazee wetu katika Uislamu hawakulichukulia jicho kwa wepesi. Tabibu wa macho aliitwa kahhali, jina litokanalo na neno lile lile la Kiarabu la wanja. Katika karne ya 12, ash-Shayzari, mtu wa Shamu, aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasibu, yaani msimamizi wa masoko. Humo alitaka kila kahhali atahiniwe kwa kitabu cha makala kumi juu ya jicho cha Hunayn bin Is-haq, tabibu Mkristo wa Baghdad aliyefariki mwaka 873, ndipo aruhusiwe kutibu watu. Kitabu hicho hicho kina mlango wa matabibu wa wanyama, nao pia wakitakiwa wawe wajuzi wa kazi yao. Naye Izzuddin bin Abdis-Salaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu aliyefariki mwaka 1262, alipoorodhesha haki za mnyama juu ya mwenyewe, alitaja kwamba amgharamie hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena. Hayo ndiyo waliyoyaandika waliotutangulia, na sisi huku tulikuwa na chupa iliyobaki nusu na Bismillahi.

Mama zetu na dada zetu, sasa twawageukia nyinyi, kwa kuwa kabati la dawa la nyumba liko mikononi mwenu zaidi kuliko mwetu. Tuliyofundishwa kule Kabete tunayaweka hapa ili kosa letu liwafae.

Mwenye sungura, na pia mwenye paka, akiona jicho limefumba, linatoa machozi au limeingia ukungu, asilisugue na asilifunge kitambaa. Alioshe taratibu kwa maji ya chumvi ya hospitali yanayouzwa madukani, au kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha amtenge mnyama mahali safi pasipo mwanga mkali na amfikishe kwa daktari siku hiyo hiyo. Asitie majani ya chai, asali, maziwa ya mama, mate wala wanja, hata kama bibi fulani amesema vilimfaa. Asitie matone ya mtu yeyote. Wala asimpe sungura vidonge vya nyumbani kwa mdomo, kwani baadhi ya dawa tuzizoeazo sisi, kama amoksilini, huua vijidudu vyema vya tumbo lake na kumwua naye. Aangalie chakula na choo kila siku, na mnyama akikataa kula kwa nusu siku, asingoje kesho. Nyasi za kitandani ziwe laini na zichambuliwe, na waya wa kizimba usiwe na ncha zinazochomoza kwa ndani.

Na haya ya mwisho ni ya watoto wenu kabla ya kuwa ya wanyama. Dawa ile iliyomdhuru Pamba inaweza kumdhuru binadamu vivyo hivyo akiwa na kidonda kwenye kioo cha jicho, na hata kwenye jicho lisilo na kidonda, ikitumiwa muda mrefu bila uangalizi, yaweza kupandisha presha ya jicho na kuliua taratibu. Mtoto akiamka na jicho jekundu, msimtilie mabaki ya dawa ya nyanya yake wala ya jirani. Chupa ya matone ikishafunguliwa, nyingi hazistahiki kukaa zaidi ya majuma manne. Mkwe wetu aliposikia habari hizi alisimama mwenyewe, akafungua kabati, akatoa chupa tatu na mrija mmoja wa mafuta ya macho usiojulikana ni wa mwaka gani, akavitia vyote mfukoni ili turudishe duka la dawa vikatupwe inavyopaswa. Akatuambia: "Mwanangu, siku ile niliuliza." Tukamwambia: "Ni kweli, Mama, uliuliza." Hakuongeza neno, na huko kutoongeza kulikuwa adabu kubwa kwetu.

Matibabu yalikwenda kwa zamu. Alfajiri ilikuwa zamu yetu, asubuhi ya mama watoto, mchana ya mkwe wetu aliyeshika bomba la sindano kwa mkono usiotetemeka, na baada ya madrasa ilikuwa zamu ya mtoto. Usiku wa pili Pamba alitafuna jani mwenyewe. Tulisikia sauti ile ya meno madogo gizani, na nyumba nzima ikaamka kana kwamba ametangaziwa mwezi wa Idi. Tulirudi kwa daktari mara tatu. Doa la kijani likapungua, kisha likatoweka. Jicho halikutolewa, alhamdulillahi, lakini halikurudi kama lilivyoumbwa. Katikati yake pamebaki kovu jeupe, na kwa upande ule Pamba haoni ila kivuli.

Sungura aliumbwa na macho pembeni mwa kichwa ili aone karibu pande zote kwa pamoja. Huyu wetu sasa ana upande mzima wenye giza, na ukimjia kutoka kushoto ghafla, hushtuka na kugonga kizimba. Mtoto amewawekea kanuni watu wote wa nyumbani, na wageni pia: mwendee kutoka kulia, na umsemeshe kwanza kabla ya kunyosha mkono. Bakuli lake ameliweka kulia. Jana tulipomwendea kwa haraka kutoka kushoto, tukiwahi darasa, mtoto alituambia: "Baba, upande huo hakuoni." Tukarudi nyuma, tukazunguka, tukamsalimu sungura.

Twamwomba Allah atusamehe tuliyoyafanya kwa kujua na kwa kutojua, atujaalie tuseme hatujui pale tusipojua, na awape watoto wetu nyoyo laini zisizovunjwa na ukali wetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.